Fundi na kilo 2,720: kisa cha mke wa mwanajeshi kutoka Nachingwea

Desemba 2018 leja ya chama kimoja cha msingi cha ushirika wilayani Nachingwea, mkoani Lindi, ilionyesha kwamba mama mmoja amepeleka ghalani kilo 2,720 za korosho. Siku zilipopimwa, mama huyo alikuwa India, amevaa masweta mawili, akijifunza kushona blauzi ya sari. Hakuwa amegusa korosho hata moja ya msimu ule. Na shamba lake, kwa hali liliyokuwa nayo mwaka huo, lilitoa kilo 1,120 tu.

Kisa hiki kilinifikia Agosti 2019. Mimi ni msaidizi wa kisheria. Si wakili, ingawa watu wakija na karatasi zao huniita mwanasheria nami nimechoka kukanusha. Mhusika ameniruhusu kukiandika mradi nisitaje kijiji wala jina. Mtaani wanamwita Mama Meja kwa sababu ya cheo cha mumewe. Yeye halipendi jina hilo, na sababu yake mtaiona mbele. Kabla ya ndoa, na hata baada yake, wateja wa cherehani yake walimwita Fundi. Nitamwita hivyo.

Shamba na mwenye shamba

Ni ekari sita zenye mikorosho kama 160, mingi mikongwe. Shamba lilikuwa la mama yake. Wamwera, kama walivyo Wamakonde, Wamakua na Wayao, hufuata ukoo kwa upande wa mama, kwa hiyo mama alipofariki wajomba hawakuona tatizo kulikabidhi kwa binti mkubwa. Mdogo wake wa kiume alipewa kipande kingine, cha mihogo na mbaazi. Mume hakuwa na lolote hapo. Yeye ni mtu wa mkoa mwingine, alikuja kikazi katika kambi ya hapa na akaoa hapa. Nachingwea imezoea wanajeshi tangu zamani; hata wapiganaji wa FRELIMO walifunzwa hapa kabla ya uhuru wa Msumbiji.

Mapema 2018 Meja alichaguliwa kwenda kozi ya ukamanda na unadhimu huko Wellington, kwenye milima ya Nilgiri, jimbo la Tamil Nadu. Kozi ile huanza Juni na kumalizika Aprili, na maofisa kutoka nchi rafiki huruhusiwa kwenda na familia. Walikuwa na mtoto mmoja mdogo. Fundi alifunga cherehani, akafunga mizigo.

Kuhusu shamba, maandalizi yote yalikuwa mazungumzo ya jioni moja barazani. Alimwachia mdogo wake fedha za palizi na za dawa ya salfa, akamwambia, "Korosho zikianguka, peleka chamani kwa jina langu, hela iingie kwenye akaunti yangu." Mdogo wake akajibu, "Sawa dada, usiwe na wasiwasi." Kijana si mwizi, naye dada hakuwa mzembe. Hivyo ndivyo mashamba ya huku yanavyoachwa, ya askari na ya wasio askari. Hakuna kilichoandikwa.

Angalieni tarehe aliyoondoka: mwisho wa Mei. Kwa mkulima wa korosho huo ni wakati mbaya kuliko yote, maana Juni hadi Agosti mikorosho inachanua na ugonjwa wa ubwiriunga unashuka juu ya maua. Ukitaka mavuno ya maana unapuliza salfa kama mizunguko mitano, kwa vipindi, alfajiri kabla ya upepo na jua. Kazi hiyo haipangiki kwa simu.

Wellington

Watu wakimuuliza kuhusu India huanza na baridi. Ni kweli baridi ipo, kwa kuwa Wellington iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari na ukungu huingia hadi sebuleni. Yeye huanza na karatasi. Mgeni anayekaa India zaidi ya siku 180 hujiandikisha ndani ya siku 14 baada ya kufika. Kwenye kila fomu aliandikwa kama mke wa fulani. Viza yake ilikuwa ya mwenza na haikumruhusu kuajiriwa. Laini ya simu ilichukua muda kupatikana, na ilipopatikana ilikuwa kwa kitambulisho cha mume. Mwanamke aliyekuwa na shamba, cherehani, akaunti na kadi ya uanachama alikaa miezi kumi na moja bila kipande cha karatasi chenye jina lake peke yake.

Hakuonewa, na mwenyewe anasema hivyo. Wake wa maofisa wa India walimpokea vizuri kuliko alivyotarajia. Kulikuwa na vikao vyao vya chai, siku za vyakula vya mataifa, safari ya treni ya mlimani, ile ya reli ya tangu 1899 inayopanda kutoka Mettupalayam hadi Coonoor na kuendelea Ooty. Alicheka alipokuta bajaji zimejaa barabarani lakini hakuna anayeziita bajaji. Wanawake wa jirani walipojua kuwa anashona, walianza kumletea nguo. Hakutoza, kwa kuwa aliogopa viza. Walimlipa kwa ndizi, majani ya chai na, siku moja, sufuria ya pilau ya kondoo ambayo bado anaizungumzia.

Taabu ilikuwa nyingine. Huku alizoea kuulizwa: Fundi, gauni liko tayari? Fundi, mwaka huu utapata kilo ngapi? Kule hakuna aliyemuuliza jambo ambalo jibu lake alikuwa nalo yeye peke yake. Aliniambia maneno haya nami nikayaandika pembeni ya faili: "Nilikuwa nimeshiba, nimevaa, naheshimiwa, na sina kazi yoyote duniani."

Halafu akaziona korosho. Ilikuwa katika duka moja la soko la Coonoor, ndani ya mitungi ya kioo, nyeupe, zimepangwa kwa daraja. Muuzaji akazitaja kwa Kihindi, kaju. Fundi akashtuka kidogo, kwa kuwa bibi yake hakusema korosho, alisema kanju. (Neno ni lile lile. Wareno waliutoa mti huu Brazili wakausambaza huku na kule pamoja na jina lake.) Akauliza bei, akaambiwa kama rupia 900 kwa kilo. Wakati ule rupia moja ilikuwa kama shilingi 32, kwa hiyo kilo ilikaribia 29,000. Akauliza zinatoka wapi. Muuzaji alijibu, kwa fahari kabisa: Afrika.

Mkulima wa Lindi au Mtwara anajua kwamba korosho ghafi zetu nyingi hupakiwa melini kwenda India. Kollam katika jimbo la Kerala, mji maarufu kwa viwanda vya kubangua, uko upande wa pili wa milima ile ile. Kujua ni kitu kimoja. Fundi alisimama mbele ya mtungi akapiga hesabu: zinahitajika kilo nne na zaidi za ghafi kupata kilo moja ya nyeupe. Alinunua gramu mia moja, akala moja, nyingine akazirudisha ndani ya pochi. Hadi leo hajui kwa nini hakuzimaliza.

Wiki chache baadaye zamu yake ilifika ya kuzungumza juu ya nchi yake kwenye kikao cha wake. Wote walitaka Kilimanjaro na simba. Akawapa simba dakika mbili, kisha akawaeleza ubanguaji: jinsi mafuta ya ganda yanavyobabua vidole, jinsi wanawake wa kwetu wanavyojipaka majivu. Mama mmoja, mke wa ofisa wa India, alinyanyuka akaja kukaa karibu naye. Bibi yake alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha Kollam. Akafungua mkono na kuonyesha kwa ishara ncha za vidole vya bibi yake zilivyokuwa. Huyo ndiye aliyekuwa rafiki yake wa kweli kule, na bila yeye kisa hiki kingeishia pabaya zaidi.

Nitaje na hili hapa, maana sitapata pengine pa kuliweka. Desemba 8, 2021, helikopta iliyokuwa inampeleka Jenerali Bipin Rawat, mkuu wa majeshi ya India, kwenye chuo kile kile ilianguka karibu na Coonoor. Alikufa pamoja na mkewe Madhulika, aliyekuwa akiongoza chama cha ustawi cha wake wa wanajeshi wa nchi kavu. Fundi alinipigia simu akiwa shambani, analia. Hakuwahi kukutana nao. "Ni mlima ule ule," alisema, "na ukungu ule ule."

Yaliyotokea nyumbani

Septemba 2018 mke wa mdogo wake, wifi yake Fundi, alipata uchungu usiku na mtoto amekaa vibaya. Ilibidi gari, rufaa, upasuaji. Kijana alipiga laini ya Tanzania ya dada yake. Ilikuwa imezimwa, iko ndani ya droo Wellington. Namba ya India ilikuwa imeandikwa kwenye daftari la mtoto wa shule aliyekuwa bwenini. Asubuhi, akiwa ameshaila sehemu ya fedha za salfa (mizunguko miwili tu ndiyo iliyopulizwa mwaka ule), alikwenda kwa mfanyabiashara mmoja wa mtaani, akachukua 480,000 kwa ahadi ya kilo 400 za korosho ambazo bado zilikuwa maua na mabibo machanga. Yaani kilo kwa 1,200.

Msomaji wa kusini hahitaji kuelezwa. Hiyo ni kangomba. Kwa wengine: ni kununua korosho za mkulima mwenye shida nje ya utaratibu wa chama na mnada, mara nyingi zikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa na kwa vipimo vya bakuli. Imekatazwa. Inaendelea kwa sababu shida haisubiri mnada.

Mama na mtoto walipona.

Kama msimu ungekuwa wa kawaida, mambo yangeishia kwenye hasara ya kilo 400. Lakini msimu wa 2018 haukuwa wa kawaida. Msimu uliotangulia bei ilipita 4,000. Safari hii minada ilipofunguliwa wanunuzi walikuja na bei ambazo wakulima walizikataa, mambo yakakwama, na Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa 3,300 kwa kilo na Jeshi la Wananchi litazisomba. Magari ya jeshi yaliingia vijijini. Ndiyo Operesheni Korosho.

Na kabla ya malipo, uhakiki: mkulima aonyeshe shamba linalolingana na kilo zake. Lengo lilikuwa kuwabana kangomba, kwa kuwa hao wana magunia bila mikorosho. Mfanyabiashara wetu alikuwa na magunia. Alichokosa ni jina, na jina lilikuwepo: mwanachama halali, mwenye shamba, mwenye akaunti, hayupo nchini, na juu ya yote ni mke wa meja. Alimwambia yule kijana waziwazi, na kijana alinieleza kwa mdomo wake: "Nani atakwenda kumhakiki mke wa mwanajeshi wakati wanajeshi ndio wanaohakiki?"

Kwa hiyo juu ya kilo 1,120 za shamba zikaongezwa 1,600 za mfanyabiashara. Karani aliandika. Jumla 2,720, ambazo kwa bei iliyotangazwa ni 8,976,000.

Walihakikiwa. Timu ilifika shambani wiki moja kabla ya Krismasi. Mtu anayejua mikorosho hahitaji karatasi. Aliangalia miti ya umri ule, akauliza salfa ilipulizwa mara ngapi, akagawa kilo kwa miti akapata 17 kwa kila mti. Akauliza mwenye shamba yuko wapi. "India, kwa mumewe, mwanajeshi." Waliokuwepo wanasema maofisa walitazamana.

Malipo yakazuiwa. Wifi ndiye aliyemtumia Fundi sauti kwenye WhatsApp, dakika nne, nusu yake kilio.

Siku tatu za ukungu

India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Fundi aliisikia sauti ile saa kumi na mbili asubuhi ya kule, huku ikiwa saa tisa na nusu usiku. Hakuwa na wa kumpigia. Akamwamsha mumewe.

Nimezungumza na Meja, na ninamheshimu, lakini hapa alikosea. Aliposikia maneno "korosho", "uhakiki" na "jeshi" katika sentensi moja, aliiona kazi yake ya miaka ishirini inateketea akiwa darasani ugenini. Alimwambia mkewe asimpigie mtu, asiandike chochote, asubiri warudi Aprili. "Ukisema kilo si zako, umemfunga mdogo wako. Ukisema ni zako, umenifunga mimi. Nyamaza." Kwa mtu wa nidhamu ya jeshi, kunyamaza ni usalama. Kwenye leja ya chama, kunyamaza ni kukubali.

Siku tatu hawakusemeshana. Siku ya nne alikwenda kwa yule rafiki wa Kollam akamweleza yote, kwa Kiingereza cha vipande. Rafiki hakutoa pole. Aliuliza swali moja: shamba ni la nani? Fundi akajibu, langu. "Basi kwa nini mumeo ndiye anayeamua?"

Usiku ule alipiga simu kwa mjomba wake, mzee asiyekuwa na simu janja, kupitia jirani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Jina lako liko huku linauza korosho. Wewe mwenyewe uko wapi?"

Alimsimulia. Mzee alikaa kimya, kisha akasema alichokisema mama yake marehemu kila msimu: mali bila daftari huisha bila habari. Halafu akauliza kilo za kweli ni ngapi. Wifi alikuwa amezihesabu gunia kwa gunia, kwa sababu ndiye aliyezianika. 1,120.

Januari mjomba alimchukua mpwa wake kwa mkono, akamshirikisha mwenyekiti wa kijiji, wakaenda chamani. Fundi alikuwa hewani kwenye simu ya jirani, bando linakatika na kurudi. Alisema mbele ya watu sita: za kwangu ni 1,120, nyingine sizijui. Kijana alikiri. Alilala polisi usiku mmoja. Mfanyabiashara aliondoka kijijini kwa muda.

Ili mjomba aweze kusaini kwa niaba yake kulihitajika hati ya uwakilishi. Kutoka hapa Nachingwea ingechukua asubuhi moja kwa wakili. Kutoka Wellington iliandikwa kwa mthibitishaji wa Coonoor, ikapelekwa kwenye ubalozi wetu New Delhi, kwa barabara zaidi ya kilomita 2,000, kisha Dar es Salaam, kisha basi. Ilifika mwisho wa Februari. Gharama yote, pamoja na usafirishaji, ililipwa na Meja. Hakusema neno. Nadhani ndiyo ilikuwa namna yake ya kuomba radhi.

Walirudi Aprili 2019, wiki ile ile Kimbunga Kenneth kilipotishia pwani yetu. Mtwara na Lindi watu waliambiwa wahame mabondeni. Fundi alizuiliwa na ndugu Dar es Salaam hadi kilipoingia nchi kavu Cabo Delgado, Msumbiji, Aprili 25. Miezi mitano kabla, kimbunga kingine kilipopiga Tamil Nadu, ndugu hao hao walimpigia wakilia, naye alikuwa mbali na pwani ile akinywa chai. Aliniambia hilo ndilo lililomfundisha umbali ni nini: kila upande unaogopa jambo lisilo sahihi.

Fedha za kilo 1,120, yaani 3,696,000, ziliingia Julai. Agosti yule mfanyabiashara alirudi kudai kilo zake 400. Ndipo wakaja kwangu, wote: Fundi, mdogo wake, wifi na mtoto mgongoni.

Nilivyokichambua

Swali la kwanza ni la mamlaka. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtambua mke kuwa na mali yake mwenyewe, na mali iliyo kwa jina lake inachukuliwa kuwa yake mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Shamba lililotoka kwa mama, likakabidhiwa na ukoo, halina ubishi. Kwa hiyo Meja hakuwa na sauti juu yake, wala ya kuuza wala ya kunyamaza. Nilimwambia hivyo mbele ya mkewe. Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu anayesikia amri halali.

Mdogo wake je? Alikuwa wakala. Uwakala hauhitaji karatasi ili uwepo. Maneno ya barazani yanatosha. Lakini mipaka yake ni ile ya maneno yale: palilia, puliza, okota, peleka chamani. Kuuza kabla hakukuwemo. Aliniuliza, kwa haki kabisa, kama dharura haimpi ruhusa. Inafurahisha kwamba Sheria yetu ya Mikataba imejengwa juu ya ile ya India ya mwaka 1872, kwa hiyo jibu ni lile lile hapa na Wellington: wakala anaweza kuvuka mipaka wakati wa dharura ili kuiokoa mali ya aliyemtuma. Korosho zingekuwa zinaoza au zinaungua, angekuwa na haki. Dharura hii ilikuwa ya nyumba yake. Ni dharura ya kweli, inayoumiza, na si ya dada yake.

Kisha mfanyabiashara. Alinunua nje ya utaratibu uliowekwa chini ya Sheria ya Tasnia ya Korosho ya 2009, kutoka kwa mtu asiye mmiliki. Mkataba wa jambo lililokatazwa hauna mahakama ya kuusimamia. Ushauri wangu ulikuwa mfupi: msimpe hata senti.

Nikiri kwamba nilijisikia mwerevu. Kilo 400 kwa bei ya serikali ni 1,320,000, alitoa 480,000, alitaka kuvuna 840,000 juu ya kitanda cha mama mjamzito. Nilitaka akose vyote.

Fundi alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akafungua pochi, akahesabu 480,000, akaziweka mezani. "Hizi atapewa," alisema. "Kilo sitampa, faida sitampa. Lakini wifi yangu alipasuliwa kwa hela hii." Nikamkumbusha sheria. Akasema sheria ameielewa.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Kisheria nilikuwa sahihi na bado naona hivyo: ukirudisha mtaji wa kangomba, umemwezesha kwenda nyumba ya pili. Yeye aliona deni pale nilipoona mkataba batili. Mjomba alikaa upande wake, ila aliongeza sharti moja: kijana atapuliza shamba la dada yake misimu miwili bila ujira, na kila mzunguko utaandikwa.

Ninachokiona kuwa kiini cha kisa, hata hivyo, si kangomba. Mke wa mwanajeshi anaposafiri, kila mtu anahesabu kilichoondoka: yeye, mtoto, mabegi. Hakuna anayehesabu kilichobaki, yaani jina. Jina la Fundi lilibaki Nachingwea likifanya kazi bila yeye. Liliuza, lilipima, lilijaza leja, na lilitumika kuwa ngao kwa sababu liliambatana na cheo cha mtu mwingine. Kule alikokwenda halikuwa na kazi yoyote. Kama angelikabidhi kwa mjomba kwa hati kabla ya kupanda ndege, mfanyabiashara angekuta mlango umefungwa. Kama mawasiliano yangewekwa mahali pa watu wazima, si kwenye daftari la shule, kijana angempata dada yake usiku ule wa Septemba, na nina hakika dada angetuma hela. Yeye pia ana hakika, na ndilo linalomuuma kuliko kilo.

Mdogo wake alipuliza mizunguko mitano 2020, na mitano mwaka uliofuata. Daftari ninalo nakala. Bado anamwita dada, lakini hamwangalii usoni kama zamani, na wifi ndiye anayepeleka na kurudisha maneno kati yao.

Msimu uliopita nilimsindikiza chamani kupokea stakabadhi. Karani mpya aliandika jina lake na la baba yake, akasita, akasema kuna mwingine mwenye jina hilo hilo, kwa hiyo aongeze "Mama Meja" kwenye mabano ili wasichanganyike. Fundi alimwambia aandike namba ya uanachama.